Bendisoo yangu inapasua mbao kama mlevi anarudi nyumbani, ninunue gaidi mpya?

Shikamoo mzee,

Mi ni fundi seremala hapa Keko, Dar, nina miaka 11 kwenye kazi, miaka mingi nimefanya na mashine za kukodi, mbao unabeba begani unapeleka kwa mtu anakuranda anakupasulia unalipa kwa futi. Mwaka jana mi na mdogo wangu tukachanga hela tukanunua bendisoo ya mtumba, yani msumeno wa bledi ya mkanda inayozunguka kwenye magurudumu mawili, gurudumu inchi 14, zile za zamani za chuma cha kumimina, kibao cha mota kimeandikwa volti 115, hertz 60, hosipawa 1, kwaiyo tunaiendesha na transfoma ya kushusha umeme. Alieiuza alikuwa ameshaiongezea kile kipande cha inchi 6 kwenye shingo kwaiyo saivi inapitisha ubao hadi inchi 12 na bledi yake inakuwa inchi 105. Kwa kazi za kawaida haina shida, miguu ya viti, matao ya vitanda, inakata vizuri tu.

Shida ni kupasua. Namaanisha ile unausimamisha ubao kwa ubavu unaugawa unene wake, mmoja unatoa mbili au tatu. Kuna mteja kaleta oda ya kabati anataka milango ya mninga na mistari ifunguke kama kitabu, kushoto na kulia zifanane. Nikatafuta ubao wa inchi 2 kwa 8, futi 4, mninga mzuri sana rangi ya asali, nikaupeleka kwenye mashine. Kama shibiri moja ya kwanza ilienda sawa, nikasema leo ndo leo. Alafu nikaona mstari unaanza kukimbilia kushoto, nikausukuma kurudisha, mashine ikaanza kulia, moshi, harufu ya kuungua, nikakomaa mpaka mwisho. Kufungua dah! Upande mmoja ubao una milimita 15, upande mwingine una 7, na katikati kuna tumbo, yani mkato wenyewe umejikunja kama gome la mti. Nikarudia kwa ubao wa pili, bledi ikageuka bluu bluu ikakatika paa! mdogo wangu alikuwa amesimama karibu akaruka mpaka nje.

Bledi nilizotumia ni upana nusu inchi, meno 10 kwa inchi, muuzaji wa duka moja aliniambia meno mengi ndo mkato msafi. Nikaenda duka lingine nikaeleza shida, yule akasema bledi haina tatizo, tatizo ni gaidi zinazoshika bledi, hizi za kwako za vipande vya chuma ni za kizamani, chukua seti ya gaidi za beringi, juu na chini. Bei yake inakaribia nusu ya hela tuliyonunulia mashine mzee! Mdogo wangu anasema tuuze mashine nzima turudi kwenye kukodi, mi sitaki, tumegombana mpaka mama akaingilia kati na tangu wiki iliyopita tunasalimiana tu kikazi.

Sasa nauliza, hizo gaidi zitanisaidia kweli? Bledi gani ninunue? Na kwanini inakimbilia kushoto kila siku, haijawahi hata siku moja kwenda kulia? Mteja anapiga simu.

Ni mimi fundi wa Keko


Marahaba mwanangu,

Kwanza pole kwa mninga. Ubao wa 2 kwa 8 saivi unauma mfukoni, na kuuona unatoka kama gome inauma zaidi. Pili hilo neno gaidi, mke wangu kaisoma barua yako juu ya bega langu akauliza magaidi wameingia Keko lini, ikabidi nimweleze kuwa ni vile vishikio vya pembeni na nyuma ya bledi. Basi nitaviita gaidi kama unavyoviita wewe maana ndivyo tulivyozoea karakana.

Jibu fupi: usinunue. Sio kwamba gaidi za beringi ni mbaya, ni nzuri, ila hela yako ukiiweka huko kabla ya kubadili bledi utakuwa umemvalisha mgonjwa wa malaria viatu vipya. Muuzaji wa kwanza ndo kakupoteza, wa pili kakupoteza zaidi.

Angalia, wewe una magonjwa mawili na umeyaandika kama moja. Kuna kukimbilia kushoto, na kuna tumbo, na kila moja lina sababu yake. Tuanze na tumbo maana ndo linalokula mbao.

Kati ya jino na jino kuna bonde. Hilo bonde kazi yake ni kubeba unga wa mbao kutoka ndani ya mkato mpaka chini ya meza ukadondoke. Bledi yako ina meno 10 kwa inchi, ubao wako una inchi 8, kwaiyo wakati wowote kuna meno 80 ndani ya mbao kwa pamoja, na kila jino lina kibonde kidogo kama kijiko cha chai. Jino likishuka inchi 1 au 2 bonde limeshajaa, inchi 6 zilizobaki halikati tena linasugua tu. Kusugua ndo moto, moto ndo huo moshi na hiyo rangi ya bluu, bledi ikipata moto inarefuka inalegea, ikilegea inatafuta njia rahisi katikati ya ubao ambako hakuna gaidi ya kuishika, inapinda, unapata tumbo. Na wewe hapo unasukuma kwa nguvu zote ukidhani unaisaidia. Hizo gaidi za beringi zingefanya nini hapo? Ya juu iko juu ya ubao, ya chini iko chini ya meza, katikati kuna inchi 8 za giza ambazo gaidi hata iwe ya dhahabu haifiki.

Kwa kupasua unataka meno 3 kwa inchi, basi. Ubao wa inchi 8 unakuwa na meno 24 ndani, kila moja na bonde la maana. Jino liwe lile lililoinamia mbele kama ndoano, linauma lenyewe halihitaji kusukumwa sana. Uso wa ubao utatoka na mikwaruzo kuliko ungetumia meno madogo, ni kweli, muuzaji hakudanganya kwenye hilo, ila we si unapitisha randa baadae? Mkato msafi wa nini kama umepinda.

Upana baki na nusu inchi hiyo hiyo. Utakutana na watu watakwambia chukua robo tatu, pana ndo inaenda mnyoofu. Kwa mashine kubwa ya gurudumu inchi 20 na kuendelea sawa, kwa inchi 14 hapana, bledi pana inataka kukazwa sana na fremu yako, tena imeongezewa shingo, haiwezi kuikaza inavyotakiwa. Nusu inchi iliyokazwa vizuri inaenda mnyoofu kuliko robo tatu iliyolegea. Unene nao uulize, wengi hawaulizi, chukua milimita 0.6 au pungufu, ile ya 0.9 ni ya magurudumu makubwa, kwako ikizunguka inakunjwa kunjwa mno kwenye gurudumu dogo inachoka inapasuka mgongoni na kwenye kiungo.

Alafu kuna aina za chuma. Za kaboni ndo bei ya chini, kwa mninga zinatosha kabisa, mninga ni mbao ya heshima haisumbui msumeno. Ukiwa unapasua mvule kila siku ndo ufikirie baimeto, ile ya vyuma viwili vilivyounganishwa, maana mvule unaujua, una yale mawe meupe ndani ya mbao, chokaa imeganda humo tangu mti uko hai, bledi ya kaboni ikigonga jiwe moja siku yako imeisha. Zenye ncha za kabaidi waachie wenye mashine kubwa. Mi kwa hali yako ningenunua tatu za kaboni kuliko moja ya bei mbaya, maana bledi butu ndo adui namba moja wa kupasua na mtu mwenye bledi moja tu ataendelea kuitumia ikiwa butu, namjua huyo mtu, nilikuwa mimi.

Na kama unaungiwa kutoka kwenye roli, mwambie inchi 105 yani milimita 2667, alafu kabla hujalipa ishike kiungo, weka rula mgongoni kwa bledi pale palipoungwa, pawe pamenyooka, na pitisha kidole ubavuni usikie kama kuna kinundu. Kinundu kikiwepo kila mzunguko utasikia tiki, tiki, tiki, kila tiki inapiga gaidi na inakusogeza mkato.

Kuna wajanja wanatumia bledi za bucha, zile za kukatia mifupa, nami nimejaribu, nyembamba, meno makubwa, na upotevu wa mbao ni mdogo sana. Ila meno yake hayajatanuliwa sana pembeni kwaiyo ubao wenye mvutano ndani ukijifunga nyuma ya bledi unabanwa hapo hapo. Kwa vipande vifupi sawa, kwa futi 4 za mteja usifanye mchezo.

Sasa kukaza. Kile kipimo cha mistari kwenye springi ya juu usikiamini, springi ya miaka 30 ni kama mzee wa miaka 80, namba inasoma ila nguvu hamna. Chomoa umeme kwanza, nyanyua gaidi ya juu iwe inchi 6 toka mezani, sukuma bledi kwa kidole kwa ubavu, nguvu ya kawaida kama unabonyeza kengele ya mlangoni. Ikisogea kama milimita 6 uko pazuri. Ikisogea kama kamba ya kuanikia nguo, kaza. Na kama umekaza mpaka springi imebanana mwisho na bado inacheza, badilisha springi, ni kitu kidogo, hapo ndo hela ndogo inafanya kazi kubwa kuliko ile seti uliyoonyeshwa. Usiku ukifunga karakana ilegeze, usiiache imekazwa mpaka asubuhi, unaua springi, unaua raba za magurudumu.

Umegusia umeme bila kuuliza ila nakujibu. Transfoma inashusha volti, hertz haigusi. Mota yako imetengenezwa kwa 60, hapa tuna 50, kwaiyo inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Kama kibao kimeandikwa mizunguko 1725 kwa dakika hapa unapata kama 1440 tu. Bledi inapita taratibu kuliko aliyeitengeneza alivyotaka, ukilisha mbao kwa kasi ya kawaida unaijaza. Dawa ni mbili, ulishe taratibu, au mwone mtu wa kereza akuchongee puli ya mota, kile kigurudumu cha mkanda, iwe kubwa kidogo kwa sehemu moja ya tano, mfano inchi 2.5 iende inchi 3, utarudisha mwendo. Ila mota yako ni hosipawa 1 tu, ukiongeza mwendo inabeba mzigo zaidi, na kwa hertz 50 mota ya 60 inapata joto zaidi ya kawaida, kwaiyo ishike shike mkono kila baada ya ubao, ikiwa huwezi kuacha kiganja ipumzishe kwanza. Binafsi ningeanza na kulisha taratibu, puli baadae. Na waya wa ekstensheni usiwe ule mwembamba wa kuchajia simu tafadhali.

Haya, gaidi zenyewe, maana najua ndo umekaa unasubiri.

Gaidi haiongozi bledi. Jina linadanganya. Bledi inaongozwa na makali yake, mkazo wake na jinsi ilivyokaa kwenye gurudumu, gaidi iko pale kuizuia isijinyonge na isirudi nyuma pale inapozidiwa, basi. Bledi ikizunguka tupu bila mbao isiguse gaidi yoyote. Ukiona cheche au unasikia mlio wa kusagika mashine ikiwa tupu, umeiseti kuibana, unaichemsha bure.

Vile vipande vyako vya chuma vya kizamani havina kosa lolote. Vitoe, utakuta uso wake umelika kwa mshazari, umeingia kishimo, maana huyo alieiuza hajavigusa labda tangu anunue. Vipige msasa juu ya kioo au tupa bapa mpaka uso uwe sawa na pembe ziwe kali, au vigeuze mwisho hadi mwisho utumie upande wa pili ambao bado mpya, hapo umeshapata gaidi mpya bila kutoa senti.

Ukitaka bora zaidi, we uko Tanzania mwanangu, tafuta mpingo. Wenzetu walioko mbali huko wananunua vipande maalum vya kupoza bledi, sisi tuna mti ambao watengeneza zumari wa Ulaya wanaulilia maana ni mzito mpaka unazama majini na una mafuta yake mwenyewe. Chonga vipande vinne vya ukubwa ule ule wa vile vya chuma, uso wa kugusana na bledi uwe ule wa mwisho wa nyuzi sio ubavuni, viloweke kwenye oili siku mbili tatu, futa, weka. Kwa kuwa ni mbao unaweza kuvisogeza karibu kabisa na bledi, hata ikigusa haileti cheche na meno hayaharibiki. Vitalika, ndio, vikilika unachonga vingine, vipande vya mpingo vya saizi hiyo kwa wachonga vinyago wanatupa. Mi nimekaa navyo miaka na sijaona sababu ya kubadili, labda kwa mtu anaekata chuma.

Kuviseti ndo kwenye utamu na ndo ambako wengi wanalipua. Chukua karatasi ya fotokopi ya kawaida, ina unene kama wa milimita 0.1. Bledi ikiwa imeshakazwa na imeshakaa sawa kwenye gurudumu, kumbuka mpangilio huo, kukaza kwanza gaidi mwisho, weka karatasi kila upande wa bledi, sogeza vipande viguse karatasi bila kuisukuma bledi, funga bolti, toa karatasi. Mbele na nyuma: vipande vikae nyuma ya mabonde ya meno, milimita 1 hivi nyuma, visiguse meno kabisa maana vikigusa vinafuta ule mtanuko wa meno upande mmoja na hapo ndo unajitengenezea ugonjwa wa kushoto kwa mkono wako mwenyewe. Alafu ikunje karatasi hiyo hiyo mara mbili iwe nne, hiyo ni kama 0.4, hiyo ndo nafasi kati ya mgongo wa bledi na beringi ya nyuma. Ukianza kukata bledi inarudi inagusa beringi inazunguka, ukiacha inaachia.

Hiyo beringi ya nyuma ndo kitu pekee cha kununua kwenye gaidi zako. Iangalie usoni, naamini imechimbwa mfereji na mgongo wa bledi, beringi yenye mfereji inaishika bledi haiachii. Soma namba zilizoandikwa ubavuni, nenda na namba duka la beringi za magari na pikipiki sio duka la mashine za mbao, utashangaa tofauti ya bei, na omba yenye 2RS mwishoni, ina raba pande zote mbili, unga wa mninga hauingii. Ukiifunga hakikisha bledi inagusa karibu na ukingo wa uso wake sio katikati, ikigusa katikati haitazunguka itachimbwa tena.

Na yote hayo fanya mara mbili. Juu na chini! Gaidi ya chini imejificha kwenye vumbi chini ya meza, watu wanaisahau, wanaseti ya juu kama saa ya Uswisi na ya chini imelegea kama jino la mtoto, kisha wanashangaa ubao una milimita 15 juu na 7 chini. Kabla hujaenda popote chungulia hapo kwako. Kwenye hilo hilo la 15 na 7, weka skwea mezani iguse ubavu wa bledi, sio meno, uone kama meza iko 90. Alafu shusha na kupandisha lile gogo linalobeba gaidi ya juu, mashine zilizoongezewa shingo mara nyingi haliteremki wima, ukiseti likiwa juu likishuka linaisukuma bledi pembeni. Kwaiyo seti gaidi pale pale kwenye kimo utakachokatia, kama sentimita 1 juu ya ubao, ukibadili ubao seti upya. Inachosha, ndio.

Sasa kushoto kwako. Bledi inakimbilia upande ambao meno yake yana makali zaidi au yametanuka zaidi, meno ya kulia yakiwa yamegusa msumari au gaidi, inavutwa kushoto. Na ikikaa vibaya kwenye gurudumu inageuza pua kidogo. Kwaiyo kwanza angalia raba za magurudumu, zikwangue ulimbo uliogandia, kama zimepasuka badilisha, alafu zungusha gurudumu kwa mkono urekebishe mpaka bledi ikae katikati. Funga bledi mpya ya meno 3. Nina uhakika mkubwa kushoto kwako kutapungua sana kwa hilo tu, na kilichobaki ni tabia ya mashine, haiponi ila inazoeleka: chukua kipande cha mbao laini, chora mstari mnyoofu sambamba na ukingo, kikate kwa mikono bila fensi, ule ukuta wa kuegemeza ubao mezani, ukifuata mstari, utaona mkono wako umegeuza mbao kidogo ili mstari ufuatwe. Ukifika katikati simama hapo hapo usitikise, zima mashine, chora mezani kwa penseli ukingo wa hicho kipande. Hiyo ndo njia ambayo bledi yako inapenda. Funga fensi ifuate mstari wa penseli, sio ifuate ukingo wa meza.

Fensi yenyewe iwe ndefu kwenda juu, kwa ubao wa inchi 8 iwe na inchi 6 au 7, gongelea plaiwudi mbili zilizogundishwa, ziwe wima na skwea. Fensi fupi ya mashine inaacha ubao unayumba kichwa.

Mbao nayo ina neno lake. Usiupeleke ubao kama ulivyotoka sokoni, randa uso mmoja uwe bapa na ukingo mmoja uwe skwea na huo uso, uso ulalie kwenye fensi, ukingo ulalie mezani. Uwe umekauka kweli, mninga mbichi ukiupasua unafunguka kama mdomo wa mamba au unajifunga unabana bledi, na hapo sio kosa la mashine. Pasua nene, unataka 12 pasua 15, alafu usizirande siku hiyo, zipange na vijiti katikati, kitu kizito juu, wiki moja au mbili zikae zitulie ndo urande mpaka saizi yako. Mteja anaepiga simu mwambie hivyo hivyo, milango itakayopinda ikiwa kwake ndo itakufanya upigiwe simu kweli.

Wakati wa kukata sikiliza. Sauti ikishuka umezidisha, pumzika kidogo acha bledi ipumue ila usirudishe ubao nyuma mashine inazunguka, utaitoa bledi kwenye gurudumu. Shibiri ya mwisho sukuma na kijiti, vidole vyako vikae mbali. Na uvae barakoa, vumbi la mninga linachoma pua na kifua na we unalijua, hiyo chafya ya kila jioni sio mafua.

Bledi ikianza kusuasua isafishe ulimbo kwa mafuta ya taa, na za kaboni zinanoleka, inchi 105 mara 3 ni meno 315, tupa ndogo, kila jino mara mbili, nusu mchana wa kijana wako. Tupa ikiteleza bila kuuma ujue ncha zimegumishwa kiwandani, hizo zinataka jiwe la kuzunguka.

Kwa mdogo wako, mashine isiuzwe kwanza. Mwite wiki hii mfunge bledi mpya pamoja, yeye ashike karatasi we ufunge bolti, kuseti gaidi kunataka mikono minne hata hivyo. Mbao mlizoharibu msizichome, lile pande lenye milimita 15 upande mmoja lirandwe hadi libaki 6 au 5 mtoe droo za kabati hilo hilo, na vile vilivyopinda kabisa ndo vya kufanyia jaribio la penseli, vitatu vinne, kabla hamjagusa ubao mpya wa mteja.